Jicho la babu kwenye kamera ya mjukuu: Tunasaka lenzi ya bei poa Gongo la Mboto

WIKI hii hatuendi Unguja kula pweza wala Bagamoyo kutazama magofu. Tunapanda daladala lenye kibao cha G/Mboto, tunabanana kama dagaa wa fungu mpaka kituo cha mwisho. Sababu ya safari ni moja tu: lenzi. Siyo ile mpya inayong'aa kwenye kabati la vioo mjini, ambayo ukiuliza bei ghafla unakumbuka una mgonjwa nyumbani. Tunaitafuta ile ya kizamani, ya chuma, ya kuzungusha kwa mkono, iliyolala kabatini kwa mzee wa mtaani tangu enzi za filamu ya picha 36.

Usicheke kwanza. Siku hizi kila mtaa una kijana mwenye kamera ya dijitali ya mtumba. Anapiga kipaimara, send-off, mahafali, mpaka bethidei ya mtoto wa jirani. Kamera anayo, jicho analo, ila lenzi yake ni ile ndogo iliyokuja na kamera, ile iliyoandikwa 18-55. Ukiivuta mpaka mwisho, tundu lake la mwanga halifunguki zaidi ya namba 5.6. Lenzi ya babu yenye namba 2 inaingiza mwanga karibu mara 8 ya huo. Mara 8, bwana! Hapo ndipo zinapoachana picha ya usiku yenye chengachenga na picha ambayo bibi harusi ataitundika ukutani.

Sasa kazi ipo kwenye kuichagua. Utaijuaje nzima, utaijuaje mbovu, na usiuziwe mbuzi kwenye gunia? Twende taratibu.

Mombasa bila pasipoti

Tunatoka Kariakoo mchana, jua la utosi. Barabara ni ya Nyerere, ingawa wazee wengine bado wanaiita Pugu Road. Tunapita TAZARA, tunaiacha Vingunguti, tunafika Jeti, halafu Uwanja wa Ndege, pale abiria wote wa dirishani wanapoinua shingo kuangalia dege likishuka. Banana wanashuka watu wa Kitunda. Mbele kidogo ni Ukonga, kisha konda anapiga bati na kupaza sauti: "Mombasa! Mombasa mpo?" Mgeni asishtuke, hajavuka mpaka. Hii Mombasa ni kituo cha hapa hapa Dar na wala haina bandari.

Neno moja kabla hujachomoa kamera dirishani. Njia hii ina uwanja wa ndege, ina gereza la Ukonga na ina kambi ya jeshi. Maeneo ya namna hiyo hayapigwi picha ovyo. Kamera ikae kwenye begi mpaka ufike uswahilini kwenyewe, la sivyo utamaliza siku ukijieleza kwa watu wasiocheka.

Gongo la Mboto ndiyo hii. Wengi wa mjini wakisikia jina wanadhani ni Temeke. Hapana, ni Ilala, upande wa kwenda Pugu na Chanika. Stendi imechangamka: bodaboda wanagombea kichwa, mihogo inakaangwa, spika ya fundi simu inapiga singeli mpaka vioo vya duka vinatetemeka. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kampala tawi la Dar wanapita na mabegi yao. Hao ni wateja tayari, maana mwanafunzi na picha ya mahafali ni kama chai na andazi.

Mbona tumekuja huku na siyo Posta? Kwa sababu lenzi ya kizamani haikai dukani. Inakaa kwa mtu. Na watu wenye vitu vya kizamani ni wastaafu, na wastaafu wengi wa jiji hili walijenga pembezoni kama huku, ambako kiwanja kilipatikana kwa hela ya kiinua mgongo.

Ilifikaje kabatini?

Hapa kuna historia kidogo, vumilia. Enzi za Mwalimu, vijana wa Kitanzania walikwenda kusoma kwenye nchi za kijamaa. Wapo waliokwenda Moscow, kwenye chuo kilichofunguliwa mwaka 1960 na baadaye kikapewa jina la Patrice Lumumba. Wapo waliokwenda Ujerumani Mashariki. Mtu akirudi, sanduku lake lilikuwa na koti zito lisilovalika Dar, vitabu, na kama alijibana, kamera. Kutoka Urusi ilikuwa Zenit. Kutoka Ujerumani Mashariki ilikuwa Praktica. Wajapani nao wakaja na Yashica, Pentax, Nikon, Canon na Minolta, kamera ambazo wapiga picha wa mitaani walining'iniza shingoni na kuzungukanazo kwa baiskeli.

Kisha ikaja dijitali, ikaja simu. Filamu zikapotea madukani, sehemu za kusafishia picha zikafungwa moja baada ya nyingine, na kamera zikaingia kabatini. Kamera yenyewe leo haina kazi kubwa, lakini lenzi yake ni kioo na chuma. Kioo hakina haja ya betri wala programu mpya. Kikiwa safi, kinaona leo kama kilivyoona mwaka 1978.

Na lenzi ya mtumba siyo aibu hata kidogo. Mohamed Amin, yule mpiga picha ambaye kazi yake ya njaa ya Ethiopia mwaka 1984 iliitikisa dunia, alikulia Dar es Salaam na alianza utotoni na kamera ya mtumba aina ya Box Brownie, boksi tu la watu wa kawaida. Mwaka 1963 akafungua kampuni yake ya Camerapix hapa hapa Dar. Kwa hiyo ukibeba kitu cha zamani, umefuata nyayo za wakubwa.

Kwa mzee wa picha

Nimeongozana na binti mmoja wa huku huku, umri miaka 23, mpiga picha wa mtaani. Ana Canon ya mtumba, zile kamera zenye kioo ndani, pamoja na hiyo 18-55. Mfukoni ana laki moja, jasho la kazi tatu. Jumamosi ana kipaimara, na mama mwenye shughuli ameshamwambia wazi: "Picha za mara ile zilikuwa kama za simu. Safari hii ukinifanyia hivyo, hela yako nusu." Kwa hiyo laki hii si ya kuchezea.

Mzee anakaa nyuma ya soko, nyumba yenye mwembe mbele. Alipiga picha mitaa hii kwa miaka mingi, mpaka macho na soko vilipochoka kwa pamoja.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wajukuu. Karibuni. Nimeambiwa mnataka macho yangu."

Akacheka mwenyewe, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa rambo na mkoba wa ngozi. Juu ya mkeka akapanga lenzi tatu: Helios 44-2 ya Kirusi, Pentacon ya Ujerumani Mashariki, na Canon FD ya Japani. Zote za kuzungusha kwa mkono. Binti macho yakamtoka. Nikambana kiwiko, maana kwenye biashara macho hayatakiwi kutoka mapema.

Basi tukaanza ukaguzi. Nakupa hatua kwa hatua, kwa sababu hizi ndizo zitakazokuokoa na wewe.

Kwanza, je, itakaa kwenye kamera yako?

Hapa ndipo hela za vijana wengi zinapopotelea. Kila kampuni ilikuwa na kiungio chake, na kila kiungio kina umbali wake kutoka kwenye filamu. Zenit na Praktica za zamani zinatumia skrubu ya milimita 42. Unaizungusha lenzi kama mfuniko wa chupa. Umbali wake ni milimita 45.46. Canon za dijitali zenye kioo umbali wake ni milimita 44. Maana yake panabaki nafasi ya milimita moja na ushee kwa ajili ya adapta, ambayo ni pete ya chuma tu. Lenzi inakaa na inaona mpaka mbali. Lenzi za zamani za Nikon na za Olympus OM nazo zinaingia kwenye Canon hizo kwa njia hiyo hiyo.

Canon FD ndiyo kichekesho. Jina Canon, kamera Canon, lakini haziivi. FD ina umbali wa milimita 42 tu, na mwaka 1987 kampuni ilihamia kiungio kipya kabisa. Ukiibandika kwenye Canon ya dijitali yenye kioo kwa pete ya kawaida, itaona vya karibu tu, na vya mbali vitabaki ukungu. Lenzi za zamani za Minolta zina ugonjwa huo huo. Ile FD ya mzee ilikuwa safi kama yai, lakini kwa binti huyu haina kazi. Tukairudisha kwenye mfuko kwa heshima.

Wewe mwenye kamera mpya zisizo na kioo ndani, shangilia. Sony walianza nazo mwaka 2010 kwa kiungio chenye umbali wa milimita 18 tu. Fuji wakafuata mwaka 2012, na Canon na Nikon nao wana za kwao. Nafasi ni kubwa, kwa hiyo karibu kila lenzi ya kizamani inaingia, FD na Minolta zikiwemo, ilimradi adapta iwe ya kwake. Ila kumbuka kwenye menyu kuna sehemu ya kuiruhusu kamera ipige hata kama haioni lenzi. Usipoiwasha utabonyeza mpaka kidole kiote sugu.

Mwenye Nikon yenye kioo, pole kidogo. Umbali wake ni milimita 46.5, mrefu kuliko hizo zote, hivyo lenzi za skrubu hazitaona mbali bila adapta yenye kioo cha ziada, na kioo hicho cha bei rahisi kinaharibu picha. Baki na lenzi za Nikon zenyewe, hasa zilizotoka baada ya mwaka 1977. Za kabla ya hapo zinaweza kukwangua na kuvunja kitu kwenye baadhi ya kamera. Na zile Nikon ndogo za bei ya chini hazitakupimia mwanga ukiweka lenzi ya zamani. Utapima kwa kujaribu na kuangalia kioo cha nyuma.

Pili, tochi ya simu

Dar ni pwani, na pwani ina unyevu. Adui mkubwa wa lenzi huku ni ukungu unaoota ndani ya vioo kama unavyoota kwenye mkate. Hauonekani ukiangalia juu juu. Fungua tundu la lenzi lote, washa tochi ya simu, mulika kutoka nyuma na wewe chungulia mbele kwa pembeni. Ukiona kitu kama utando wa buibui au mizizi midogo, huo ni ukungu. Ukiona kioo kizima kimefifia kama miwani ya mtu aliyefungua sufuria la wali, huo ni mvuke uliokauka. Vumbi chembe mbili tatu si tatizo. Mkwaruzo mdogo kioo cha mbele unavumilika, ila mkwaruzo kioo cha nyuma unaonekana kwenye picha.

Pentacon tulipoimulika, dada kimya, mimi kimya. Mizizi ilijaa ukingo mzima. Mzee mwenyewe akachungulia, akatikisa kichwa: "Hii nilikuwa naihifadhi kwenye mkoba wa ngozi, ili isiumie." Kumbe mkoba wa ngozi ndio uliiumiza, maana ngozi inashika unyevu. Lenzi inataka hewa kavu na mwanga. Iweke kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vyeupe vinavyokuja ndani ya boksi la viatu, na kila wiki itoe uitumie.

Tatu, sikiliza kwa mkono

Zungusha pete ya kufokasi. Iwe nzito kidogo lakini laini, kama kisu kwenye siagi. Ukisikia kukwaruza, kuna mchanga ndani. Ukiona kichwa kinacheza kama jino la mtoto, acha. Halafu zungusha pete ya tundu kutoka 2 mpaka 16, huku ukiangalia vibati vya ndani vikifunga na kufungua. Helios ya mzee ilikuwa na mafuta kidogo kwenye vibati. Ni kawaida kwake, na kwa kuwa 44-2 vibati vyake unavifunga wewe mwenyewe kwa mkono, havikwamishi kazi. Yakizidi lakini, yanaweza kupanda kwenye vioo.

Lenzi za skrubu zilizoandikwa "auto" zina kitu kingine cha kuangalia: kijiti kidogo nyuma. Kijiti kisipobonyezwa, vibati havifungi. Nyingine zina swichi ya kuzima mambo hayo, nyingine hazina, na hapo utahitaji adapta yenye ukingo wa kukibonyeza. Helios 44-2 haina kijiti. Ndiyo maana inapendwa na wanaoanza.

Sasa soma maandishi ya mbele. 2/58 maana yake tundu namba 2, urefu milimita 58. Kwenye lenzi nyingi za Kirusi, tarakimu mbili za mwanzo za namba ya siri ni mwaka wa kutengenezwa. Hii ilianza na 78. Binti akasema taratibu, "Babu, hii ina umri wa mama yangu." Mzee akajibu, "Basi iamkie."

Bei, jamani, bei

Mzee alianza na laki na ishirini. Hapa nakupa kipimo kimoja ambacho hakitakuangusha. Canon wana lenzi yao ya 50 yenye tundu 1.8, yenye kufokasi yenyewe, iliyotoka mwaka 2015 kwa dola 125 ikiwa mpya. Mitumba yake ipo. Kwa hiyo kabla hujaenda kwa mzee yeyote, ulizia Kariakoo mtumba wa 50 hiyo ni shilingi ngapi. Lenzi ya kizamani ukijumlisha na adapta ikizidi bei hiyo, achana nayo, hata kama muuzaji anaapa kwamba ilimpiga picha mfalme. Huko Ulaya Helios 44-2 mara nyingi haifiki dola 100, maana zilitengenezwa kwa wingi mno. Si dhahabu hiyo.

Na upande wa pili wa shilingi: usimdhulumu mzee. Ukimkuta mjane hajui thamani ya kamera ya marehemu mumewe, usimpe elfu tano ukaondoka mbio. Mtaa una macho, na kesho utataka kupiga picha msiba wa ndugu yake.

Binti akamweleza babu ukweli wote: laki anayo, adapta hajanunua, mafuta kwenye vibati yapo, Jumamosi ana shughuli. Mzee akatafakari, akasema elfu sabini, na sharti moja. Apigwe picha yeye na bibi chini ya mwembe, na isafishwe kwenye karatasi. "Za kwenye simu sitaki," akasema. "Nimepiga watu wa mtaa huu miaka yote, mimi mwenyewe ukutani simo."

Kisulisuli cha majani

Adapta ilipatikana mjini kesho yake, chenji ikabaki ya nauli na soda. Tukarudi jioni, jua limelala upande wa vilima vya Pugu. Vilima hivyo ndivyo vya kupimia: elekeza lenzi kule mbali, zungusha mpaka alama ya mwisho, angalia kama mnara wa simu umekaa wazi. Ukiwa wazi, adapta yako ni sahihi.

Kisha wazee wakakaa kwenye mkeka, mwembe nyuma yao. Helios hii ina uchawi wake: ukifungua tundu lote, mtu akawa mita mbili tatu hivi na nyuma yake kukawa na majani yanayopenyeza mwanga, yale majani yanazunguka kwenye picha kama kisulisuli, na sura inabaki katikati imetulia. Ukuta mtupu hautoi hivyo, wala anga. Inataka majani, na Gongo la Mboto mwembe haukosi.

Lakini kuna gharama. Kwa namba 2 na umbali wa mita moja na nusu, kina kilicho wazi kwenye kamera kama hii ni sentimita 5 hivi. Ukifokasi pua, macho yameshapotea. Usitegemee kile kidirisha cha kuchungulia, hakikutengenezwa kwa kazi hii. Washa kioo cha nyuma, kuza picha mara tano au kumi, lenga kope za jicho lililo karibu, kisha bonyeza. Kwenye kamera zisizo na kioo kuna vistari vya rangi vinavyowaka penye fokasi, navyo vinasaidia sana. Jua nalo usilielekee moja kwa moja. Lenzi za zamani rangi zake za kinga ni hafifu, picha inageuka maziwa. Kinga kwa kiganja.

Na mtaani, kwenye watu wanaotembea? Usikimbizane nao kwa kuzungusha. Weka tundu namba 8, weka pete ya umbali mita 3, acha hapo. Kila kitu kuanzia mita mbili na nusu hivi mpaka tatu na nusu kitakuwa wazi. Muuza karanga akiingia kwenye eneo hilo, mwombe ruhusa kwa tabasamu, bonyeza. Wazee wa zamani walifanya hivyo kila siku bila kamera kuwasaidia chochote.

Ila tuambizane ukweli. Maharusi wakiingia ukumbini kwa kucheza, taa zinazunguka, lenzi ya babu itakuaibisha. Hapo rudisha 18-55 yako na flashi. Kwenye kipaimara cha Jumamosi binti alifanya hivyo hivyo: kanisani lenzi ya kawaida, nyumbani akamweka mtoto chini ya mti, Helios ikaingia kazini. Mama mwenye shughuli alilipa yote, akaongeza na sahani ya pilau ya kubeba.

Mtaa nao uwe na albamu

Jina la Gongo la Mboto lilisikika duniani kote usiku wa Februari 16, 2011, mabomu yalipolipuka kwenye ghala la kambi ya jeshi. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, maelfu wakakimbia gizani, watoto wakapotezana na wazazi. Mzee anakumbuka: "Usiku ule kila mtu alibeba mtoto. Hakuna aliyebeba albamu." Mpaka leo mgeni akitaja mtaa huu, mara nyingi anataja mabomu.

Sasa nani atapiga picha za Gongo la Mboto inayocheka? Ya wahitimu wenye majoho, mama ntilie na moshi wake, babu na bibi kwenye mkeka? Waandishi wa mjini watakuja tena siku ya balaa. Siku za kawaida ni zenu vijana wa huku, na zikikaa kwenye simu peke yake, simu ikiibiwa Kariakoo zimekwenda. Ndiyo maana sharti la mzee la picha ya karatasi ni somo zima.

Haya, mpenzi msomaji. Ukisikia mzee wa mtaani kwako ana kamera kabatini, nenda na mambo matatu: jina la kiungio cha kamera yako, tochi yenye chaji, na bei ya Kariakoo kichwani. Na kabla ya yote matatu, shikamoo. Hiyo haina adapta, na bila hiyo kabati halifunguliwi.

Wiki njema.